Jina Nyuma ya Kodiani

Mwezi uliopita alikuja kwangu Githongo mzee mmoja nisiyemfahamu, amevaa koti la mvua siku isiyo na mvua, mkononi ameshika mtungi wa asali uliofunikwa kwa jani la mgomba. Alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda, mpaka nikadhani ni mmoja wa wale wauza dawa za mitishamba, nikaanza kumwambia kwamba magoti yangu yameshazoea kuuma na hayataki dawa ya mtu. Akacheka. "Mimi si daktari, Mwalimu," akasema. "Mimi ni Ireri wa Njue." Nilishika mwimo wa mlango. Jina hilo nililisikia nikiwa msichana wa miaka ishirini, katika chumba kilichonuka ngozi za mbuzi, mjini Embu, na tangu mwaka ule nimelibeba pamoja na uongo wa neno moja. Baba yake aliniuliza kama jina la mwanawe limesikika, nami nikamwambia, "Limesikika." Halikuwa limesikika. Mimi mwenyewe ndiye niliyehakikisha kwamba halisikiki.

Watu wa umri wangu wakipewa nafasi ya kukumbuka huanza na babu, mito na koo, mpaka msikilizaji asinzie. Nitayaruka hayo yote. Inatosha ujue kwamba mimi ni mtoto wa Githongo, huku Meru, kwamba nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni na cheti changu nimekilaza ndani ya Biblia kisipate mikunjo, na kwamba katika miaka ile ya Hali ya Hatari nilipelekwa kufundisha mjini Embu, peke yangu, na pasi ya kusafiria na sanduku la bati. Shule haikuwa na nyumba ya walimu wa kike. Mwalimu mkuu akanitafutia chumba kwa Bwana Hamisi, mwenye bucha, upande ule wa mji ambao siku hizi unaitwa Majimbo. Mama yangu alipopata habari kwamba nalala kwa Waislamu aliandika barua ya kurasa mbili yenye swali moja tu, kama wananilisha. Nilimjibu kwamba nguo zimeanza kunibana.

Nikifumba macho sasa hivi, ile nyumba inanirudia kwa kuanzia puani. Sebule ilikuwa ndefu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta mpaka ukaikanyaga kwa adabu. Dari haikuwapo, mabati tu, na mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani yaliyoangusha vijiduara vya jua chini. Saa nane mchana vile vijiduara vilikuwa katikati ya sakafu. Kufikia saa kumi na moja vilikuwa vimepanda ukutani, na hapo kila mtu alijua kwamba kafyu inakaribia. Upande wa nyuma kulikuwa na pazia zito la kijani, na nyuma ya pazia ndiko alikokaa Bi. Zena, mke wa Bwana Hamisi, pamoja na wanawake waliokuja kushona, kusuka na kusema. Niliujua mji mzima kupitia lile pazia. Nani amechukuliwa, nani amerudi na hataki tena kuongea, kijiji gani kimehamishwa na kuzungushiwa handaki. Sauti zao zilikuwa za chini, na zilipofika mahali pa hatari zilizama kabisa, zikabaki za sindano na vijiko. Kisha mkono wenye hina ulikuwa ukitokea chini ya pazia na sahani ya chapati, au bakuli la supu ya kwato, na sauti ya Bi. Zena ikisema, "Kula, mwanangu, hayo si ya kusikiliza na tumbo tupu." Niliipenda ile namna ya sauti kuzama na kuibuka. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu hata ilipobeba habari mbaya.

Mashine iliingia katika maisha yetu kwa njia ya serikali. Ofisi moja ya habari ilikuwa na gari lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, vimefunguka kama maua ya malenge, nalo lilizunguka vijijini na kambini kutangaza amri. Watu walikuwa wamechoshwa na amri. Bwana mmoja wa ofisi hiyo, Mzungu kijana mwenye shingo nyekundu, akaonelea kwamba kati ya amri na amri upigwe muziki wa hapa hapa, ili watu wasogee karibu. Muziki wa vyombo peke yake. Neno lolote la Kiembu, Kimeru au Kikuyu lilikatazwa, kwa kuwa serikali iliogopa nyimbo zetu kuliko ilivyoogopa mapanga. Alikuwa ameisikia kodiani ya Bwana Hamisi siku ya Idi, basi ikaletwa sebuleni mashine ya kurekodi, kubwa kama sanduku la nguo, yenye magurudumu mawili ya utepe na mshale unaotetemeka, pamoja na betri ya lori. Fundi aliyeileta alinifundisha alasiri mbili, kisha akaitwa kwingine. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, na aliyesoma Kiingereza katika nyumba ile ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi mitambo.

Maikrofoni ilikuwa moja. Bwana Hamisi aliitundika kwa ndoano ya nyama kwenye boriti, katikati ya sebule, na mpaka leo nikiingia bucha nikaona ndoano tupu napunguza sauti yangu. Kodiani ilikuwa na nguvu ya kujaza soko. Tari aliipiga Bi. Zena, nyuma ya pazia, kwa sharti kwamba asitajwe popote. Utepe ukishazunguka hapakuwa na cha kupunguza wala kuongeza, kilichoingia kimeingia, kwa hiyo tulichanganya sauti kwa miguu. Mimi niliketi ushorobani na mashine, mlango wazi ili niwaone, hedfoni masikioni, kipande cha chaki ya shule mkononi. Kodiani ikizidi, nilimrudisha Bwana Hamisi hatua mbili nikachora duara miguuni pake. Ikizidi tena, hatua nyingine. Kufikia Jumamosi ya pili mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake mwenyewe, nusu ndani nusu nje. "Mwalimu," aliniambia, "ukinirudisha tena, mimi nitapigia barabarani." Ukutani tulitundika ngozi za mbuzi, zile kavu zilizosubiri mnunuzi, ili kuua mwangwi wa mabati, na chumba kikapata utulivu wa ajabu, mtu akimeza mate anajisikia. Mvua ikinyesha tuliacha. Jogoo wa jirani akiwika tulianza upya. Lakini zilikuwapo dakika ambapo kila mtu amekaa kwenye duara lake, vijiduara vya jua vinatembea taratibu juu ya viatu vyao, na sauti zinanijia sikioni kila moja na nafasi yake, nami nikapata furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani, wala kanisani, wala, nisamehewe, siku ya harusi yangu.

Mjukuu wangu Makena ana studio yake mjini Meru, chumba cha kulala juu ya maduka yanayotazama soko la Gakoromone, kuta amezibandika trei za mayai. Gitaa analirekodi leo, ngoma kesho, mwimbaji atakuja wiki ijayo, na wote hawajawahi kuonana. "Shosho, nyinyi mlikuwa na traki ngapi za kurekodia?" aliniuliza. Moja. "Na mtu akikosea?" Tunaanza upya. "Na mtu akikohoa?" Basi amekohoa. Alinihurumia, akanionyesha kwenye kompyuta jinsi anavyoondoa kikohozi cha mtu kwa kidole kimoja, wimbo ukaendelea kama mtu huyo hajawahi kuwa na kifua. Nilibaki nikikitazama kile kidole. Makena alidhani nimechoka, akaenda kunichemshia chai.

Mzee Njue alikuwa Mmbeere, wa jamii jirani na Waembu, mwembamba, mrefu, aliyemletea Bwana Hamisi mbuzi kila Jumamosi kwa pasi ya siku moja. Yule bwana wa ofisi alitaka chombo cha kwetu kando ya kodiani, na Njue alikuwa na zeze la uzi mmoja, alilolipiga ameketi kwenye kigoda, kwa upinde mdogo alioupaka utomvu. Sauti yake ilikuwa nyembamba yenye mikwaruzo. Mara ya kwanza nilipoisikia ndani ya hedfoni nywele za mikono zilinisimama. Shida ilikuwa moja, kwamba Njue hakujua kupiga amefunga mdomo. Wapiga zeze wa kwao hupiga na kuita kwa pamoja, mkono na koo ni kazi moja, na kila alipopanda juu ya uzi, koo nalo lilipanda: "Ireri, ee Ireri!" Tulisimamisha utepe. Tulimweleza. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Ndio, sasa mimi nanyamaza," akaanza tena, na wimbo ulipofika pale pale, "Ireri, ee Ireri!"

Tulijaribu kila kitu. Bwana Hamisi alimpa majani ya muguka ajaze mashavu. Njue aliyatafuna kwa furaha na akaita jina kupitia majani, na mimi nikatangaza kutoka ushorobani kwamba sasa tuna zeze, kodiani na mbuzi. Nyuma ya pazia tari ilianguka kwa kicheko. Tulimpa kijiti akiume. Kijiti kilifanya kazi, jina halikusikika, lakini zeze lilikufa. Mkono ulikwenda vile vile na upinde vile vile, ila sauti iliyotoka ingeweza kupigwa na yeyote. Hata Bwana Hamisi, ambaye kwa kawaida aliisikia kodiani tu, alitikisa kichwa. "Mtoe hicho kijiti," akasema. "Huyu si Njue."

Baada ya chakula cha siku hiyo, ndengu alizozileta Njue mwenyewe na Bi. Zena akazikaanga kwa samli, nilibaki naye mkekani. Alikula polepole, akifuta bakuli kwa kipande cha chapati. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Mwarimu, hii gari ya muziki inaenda kambi?" Nikamwambia nimesikia itashuka mpaka kambi za uwanda wa chini, kule wafungwa wanakochimba mifereji ya mpunga. Akaweka bakuli chini. Mwanawe Ireri alikuwa kibarua Nairobi, akachukuliwa katika misako na malori, na tangu hapo hakuna barua wala mtu aliyemwona. Watu wengine walisema yuko kambi hizo. "Huyo kijana alikuwa anachunga mbuzi yangu mbali sana, kwa mawe huko," Njue alisema. "Jioni mimi nasimama kwa boma, napiga hii zeze, namuita. Anasikia, anarudi. Hakuna siku hajarudi." Akanitazama sasa. "Mimi sitaki maneno mingi. Nataka jina yake ifike huko, ajue mimi niko. Utafikisha?" Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimekula ndengu zake. Nikamwambia, "Nitafikisha, mzee." Nilimaanisha hivyo, na sijui kama hilo linanisaidia.

Siku chache baadaye nilikuwa nasahihisha madaftari kitandani, alasiri, nikawasikia Bwana Hamisi na mkewe upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akinong'ona, lakini watu wa kodiani hawajui kunong'ona. "Wakisikia neno moja la Kiembu ndani ya ule utepe, Njue harudi kwake. Watamuuliza Ireri ni nani, na kambi atakayopelekwa si ya mwanawe. Mimi watanifungia bucha. Na huyu mtoto wa watu, mwalimu, yeye ndiye anayeshika mashine!" Kisha Bi. Zena, "Na mtoto wa Njue je?" Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi, nikaona pasi yangu ikichukuliwa, mama yangu akiletewa habari shambani, sanduku langu la bati likipinduliwa barabarani. Niliogopa. Sitalipamba neno hilo. Niliogopa mpaka meno yakapata baridi, na kabla sijamaliza daftari la mwisho nilikuwa nimeshajua nitakachofanya na jinsi ya kukifanya.

Jumamosi iliyofuata nilifika sebuleni mapema nikafuta maduara yote kwa kitambaa chenye maji. Nikachora upya. Njue nilimweka karibu na maikrofoni kuliko wote, lakini nikamgeuza ubavu, zeze likitazama ndoano na mdomo ukitazama ngozi za mbuzi ukutani, ili sauti ya koo imezwe na manyoya. Bwana Hamisi nikamtoa kizingitini nikamrudisha ndani, hatua tatu, na alifurahi kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Kisha nikampeleka kando nikamwambia kwamba kila nitakapoinua mkono wa kulia wenye chaki, afungue kodiani mpaka mwisho, kwa zile sauti nzito za chini, na nikiushusha apunguze. Hakuuliza kwa nini. Alinitazama kidogo tu, akasema, "Sawa, mwanangu." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, siku zote nilikuwa Mwalimu.

Sijui nieleze vipi uzuri wa alasiri ile, na ningependa uwe haukuwapo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikaosha vumbi, mwanga ulioshuka matunduni ulikuwa safi kama maziwa ya kwanza, jogoo wa jirani alinyamaza kama aliyeambiwa. Magurudumu ya utepe yalizunguka. Tari ya Bi. Zena ilianza nyuma ya pazia, nyepesi, hatua za mtu anayekuja, kisha zeze likaingia juu yake, kisha kodiani ikayafunika yote mawili kwa shuka moja. Njue alifumba macho. Nilimwona akipanda kwenye uzi, nikaona koo lake likifunguka, nikainua mkono. Kodiani ikafunguka. Katika hedfoni zangu palikuwa na wimbi la sauti nzito, na chini yake, mahali palipokuwa na jina, hapakuwa na kitu. Nikashusha mkono. Mara sita alimwita mwanawe na mara sita niliinua chaki. Nilikuwa stadi. Hakuna hata mara moja niliyochelewa. Utepe ulipoisha Njue alifungua macho, uso umelowa jasho, naye alikuwa anatabasamu.

Yule Mzungu wa ofisi alikuja Jumatatu na karani wake aliyekijua Kiembu. Karani alivaa hedfoni akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, ameinamisha kichwa, mimi nikitazama kidole chake kilichogonga goti kufuata tari. Alipozivua alisema kwa Kiingereza kwamba ni muziki tu. Yule Mzungu akanipa mkono, akanipongeza kwa jinsi kodiani ilivyojaa vizuri. Njue aliporudi na mbuzi wake Jumamosi, hata hakuwafungua kwanza. Alikuja moja kwa moja ushorobani, akasimama mbele yangu na ile fimbo yake. "Mwarimu. Imesikika?" Nikamwambia, "Limesikika, mzee." Alinishika mikono yote miwili. Wiki iliyofuata aliniletea asali ya mizinga yake, na sikuweza kuila. Nilimpa Bi. Zena nikamwambia inanipa kiungulia.

Kabla gari halijateremka uwandani, vipaza sauti vyake vilijaribiwa kwenye uwanja wa ofisi. Bwana Hamisi alikuwa safarini kutafuta mbuzi na Bi. Zena hakuwa mtu wa kwenda viwanjani. Nilialikwa mimi peke yangu, kwa barua yenye muhuri, kama fundi. Sikwenda. Nilisema nina hesabu za darasa la tatu za kusahihisha, nikafunga dirisha na mlango, nikajifunika kichwa kwa khanga ili nisisikie kazi yangu mwenyewe ikipita juu ya mapaa. Nilijionea aibu. Mwisho wa mwaka tulipata habari kwamba Mzee Njue amefariki, homa ya mapafu, na mwanawe bado hajaachiliwa. Bi. Zena alilia nyuma ya pazia. Mimi nikaomba uhamisho, nikarudi Meru, na mashine ya kurekodi sikuigusa tena maishani mwangu.

Yote hayo yalipita kichwani nikimtazama huyu mzee kwenye kochi langu, mtungi wa asali miguuni pake. Aliniambia Bi. Zena amefariki, tena kwa uzee mwema, na kwamba matangani kwake ndiko alikoambiwa yule mwalimu wa mashine yu hai na yuko Githongo. Nilimwambia pole, naye akaniambia pole. Halafu, kwa kuwa nilijua kwamba nikingoja chai nitaogopa tena, nikasema, "Ireri, mimi nilimdanganya baba yako." Nikamweleza yote, ngozi, chaki, mkono, mara sita. Nilimweleza nikitazama sakafu. Nilipomaliza nikainua macho, nikaona ananitazama kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine.

"Lakini mimi nilisikia," akasema.

Nikamwambia hilo haliwezekani.

"Mwalimu, nilisikia. Ilikuwa Jumapili, tumekalishwa kwa laini, juu ya mchanga. Mimi nilikuwa nimeacha kukula. Waliniambia kwetu ni majivu, mzee alikufa kitambo, nikaona sasa narudi kwa nani? Hiyo gari ikaanza. Kodiani sikuisikia vizuri, ilikuwa mbali, kama mtu anasaga unga nyumba ya pili. Lakini zeze niliisikia. Halafu nikasikia mzee ananiita." Akapangusa mdomo. "Mimi nikadhani ni kichwa imeharibika. Lakini jamaa wa Runyenjes alikuwa kando yangu, akanigonga na goti, akaniambia, 'Wewe, unaitwa nyumbani.' Askari mmoja alikuwa Muembu. Alisikia. Alitazama viatu yake tu. Jioni hiyo nilikula uji. Nikakula ya huyo jamaa pia."

Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote na ilinichukua muda kama mtoto wa mwisho darasani kuelewa. Vile vipaza sauti vya juu ya gari havikuwa na kifua. Sauti nzito zilivishinda, vikazitupa, vikabakiza za koo na za uzi. Mimi nilichanganya kwa hedfoni zilizopenda uzito wa kodiani, karani akasikiliza kwa hedfoni zile zile, na yule Mzungu aliyesikia uwanjani hakujua Kiembu. Ambaye angelitambua ni mimi. Kama ningeenda uwanjani siku ile ningelisikia jina likipaa juu ya mji, na najijua, kwa woga wangu ningeomba utepe urudishwe turekodi upya. Aibu ndiyo iliyonizuia chumbani, na jina likapita.

"Baba yako alikufa bila kujua," nikasema.

"Alijua," Ireri akasema. "Niliporudi nikakuta kaburi. Lakini mama aliniambia, mzee hakuwa na wasiwasi siku za mwisho. Kila mtu akimuuliza, alisema, mwalimu ameniambia imefika." Akacheka kidogo, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. "Sasa wewe ulidanganya nini?"

Nililia mbele ya mgeni, jambo ambalo mama yangu alinikataza. Kisha nikafungua ile asali, tukaila kwa kijiko kimoja, bila mkate. Jua lilikuwa limeingia dirishani likafika kwenye kochi. Nikamwuliza kama anaukumbuka ule mwito, akasema zeze lilikwisha kuliwa na mchwa lakini mwito anao. Nikamwomba auite. Nikavuta kiti chake karibu nami, uso kwa uso, pasipo ngozi wala pazia. Akafumba macho vile vile alivyofumba baba yake, koo likafunguka, na mkono wangu wa kulia ukataka kuinuka wenyewe. Nikaulaza magotini, nikauacha hapo.